Kalibu ya Kumi na Mbili

Tendupara,
9 Juni 1988

Kwa mke wa marehemu ndugu yangu,

Sikujulii hali, maana hali yako naiona kila asubuhi juu ya ua. Moshi unafuka, ng'ombe wako wanalia, ndoo inagonga kisimani. U mzima, tena mzima kupita kiasi.

Desturi imetufunga midomo. Mimi kaka mkubwa wa mumeo siruhusiwi kusema nawe wala kukutazama, na wewe huruhusiwi kuonyesha uso mbele yangu wala kutamka jina langu. Nyumba zetu zimetengana kwa hatua arobaini na ua wa mianzi, lakini kwa mazungumzo ni kama wewe uko Kalkata. Basi tutaandikiana. Mama, mkweo, atabeba barua ndani ya kikapu chake. Hajui kusoma, na kwa haya nitakayosema ni heri.

La kwanza ni shamba. Baraza lilipokaa baada ya kumzika Lakhmu mwezi wa Machi ulikuwa nyuma ya mlango, ukasikia kwa masikio yako. Shamba la ndugu yangu litakuwa mikononi mwako maadamu kila mvua linalimwa na mwanamume. Msimu litakapolala, au mkono wa mwanamke utakapogusa plau, shamba linarudi kwangu na wewe unarudi kwa baba yako Bhanpuri. Sababu unaijua, hata kuku wa kijiji hiki wanaijua: mwanamke akigusa plau, mvua inakatika.

La pili ni zile sanamu kumi na mbili ambazo Lakhmu aliwaahidi watu wa duka la Raipur, sanamu za kazi za kijijini. Watakuja kuzichukua Julai. Jina letu sisi Waghadwa liko katika shaba na sitaki lichekwe kwa sababu mtu mmoja amekufa. Nasikia umeshaanza kusokota nta. Haya, endelea, nyuzi za nta na kufunga udongo ni kazi ya mikono ya kike. Ila usisogelee tanuru. Utafunga kila kalibu, nta ndani na udongo nje, utamtwisha Mama, nami nitachoma mpaka nta itoke, kisha nigeuze shaba iliyoyeyuka ishuke mahali pake.

Na kama unataka ushauri wangu, nenda kwenu sasa kabla njia haijawa tope. Bado kijana, hukuzaa, hakuna kinachokushika hapa.

Dhansai


Tendupara,
12 Juni 1988

Kwa Shemeji Mkubwa, ambaye jina lake silitamki, na hata desturi ingeniruhusu lingenikwama kooni,

Barua yako imenifikia ikinuka samaki wakavu, kwani Mama aliifukia chini yao ili isiloe. Nimeisoma nikiziba pua, na samaki hawakuwa tatizo.

Siendi Bhanpuri. Baba yangu ana binti wanne na jiko moja. Nimeishi katika nyumba hii miaka minane, nimepiga lipu kuta zake kwa mikono yangu kila Divali, na mume wangu amelala hapo nyuma ya vihenge vya mpunga. Shamba letu si kubwa, lakini linanilisha, na mtu anayekula chakula chake haombi ruhusa ya kukaa. Nitatafuta mwanamume wa kulima, nitampa uji, nitampa pombe ya mahua, atalima. Baraza halikusema awe mwanamume gani.

Unasema jina la Waghadwa. Ulipokuwa Jagdalpur mvua tatu mfululizo, ukifundisha vijana wa shule ya ufundi kutengeneza tembo wa kuzuia vitabu visianguke, nani alilinda jina hilo? Ndugu yako alitengeneza watu wenye jasho. Ukaja siku ya maziko na viatu vya ngozi.

Mama amebeba kalibu nne. Ya kwanza ni mwanamke anayetwanga mpunga, ya pili ni mgema juu ya mti wa sulfi, ya tatu mwanamke na mtego wa samaki, ya nne msuka vikapu. Udongo ni wa kichuguu na pumba, umekauka vizuri. Vikombe vyenye vipande vya shaba nimeviziba mwenyewe juu ya kila kalibu. Usiharakishe moto. Lakhmu alingoja mpaka mwali ugeuke kijani, ndipo akageuza kalibu. Wewe una sifa ya kukosa subira.

(Ndiyo, nimeandika jina la mume wangu. Karatasi haina masikio.)

Phagni


Tendupara,
23 Juni 1988

Kwa wewe unayenifundisha kugeuza kalibu,

Nilikuwa nikigeuza kalibu wewe ukilamba pua yako. Nimechoma zote nne. Tatu zimetoka. Mwanamke wa mtego hana mkono wa kulia, shaba haikufika huko kwa sababu njia uliyoiachia ni nyembamba. Utaniambia ni moto wangu. Niambie tu, nimezoea.

Yule anayetwanga nitasema ukweli kwa sababu mimi ni fundi: ametoka vizuri. Kisigino kimenyanyuka kama kinavyonyanyuka mchi ukishuka. Nani alikuonyesha? Lakhmu hakuwa na subira ya visigino.

Sasa tuache sanamu. Mvua imeshuka wiki nzima na nusu ya kijiji wamekwisha kulima. Nasikia umezunguka nyumba saba ukitafuta mtu, umeanzia kwa Sukdhar ukaishia kwa yule kiwete wa mwisho wa njia. Wamekuambiaje? Usijisumbue kunificha. Mimi ndiye niliyewaambia wasiende, na sioni haya kukuandikia. Nilipofika kwa kila mmoja niliuliza swali moja tu: akilima shamba la mjane wa ndugu yangu, mwakani aje kwangu kumwombea mkewe vikuku na mungu wake wa shaba, au aende mjini akanunue vya bati?

Zimebaki siku kumi, kumi na mbili hivi. Baada ya hapo ardhi itakuwa maji matupu na hakuna atakayelima tena. Funga mizigo kwa heshima.

Dhansai


Tendupara,
25 Juni 1988

Shemeji Mkubwa,

Wamesema migongo inawauma. Migongo saba, kijiji kimoja, siku moja! Kumbe Jagdalpur ulisomea uganga. Wewe unafungua mdomo tu, watu wanapinda.

Mke wa Sukdhar alitoka nje akaniita kando. Akaniambia, "Dada, mume wangu mgongo wake mzima, jana usiku alikuwa anacheza ngoma. Ila anamwogopa huyo wa tanuru. Usimchukie." Nikamwambia simchukii mumewe. Chuki yangu ni moja na nimeshampa mwenyewe.

Mkono wa yule wa mtego ulikatika kwa sababu uligeuza mapema. Nimepasua kipande cha kalibu alichonirudishia Mama, nta imeungua upande mmoja tu. Hilo nalo utasema ni njia nyembamba.

Kesho ni Jumapili, gulio la Kondagaon. Kijiji chote kitahama kama kila Jumapili. Nenda ukanunue chumvi, pengine kuna mahali haijakukolea.

Phagni


Tendupara,
29 Juni 1988

Kwa mjane wa Lakhmu,

Nani amelima?

Nilirudi kutoka gulioni Jumapili jioni nikapita njia ya juu, nikaona ardhi nyekundu imefunguliwa kutoka tuta hadi tuta. Nilisimama pale nikafikiri nimekosea shamba. Asubuhi watu walikwenda gulioni na lilikuwa majani, jioni wanarudi limelimwa. Nimemuuliza Mama, ambaye peke yake alibaki nyumbani kwa sababu ya goti lake. Ameniambia alikuwa amelala. Mama hajalala mchana tangu nizaliwe!

Nimetembea matuta yote. Mifereji yake imepinda. Si kazi ya Sukdhar, Sukdhar analima kwa mstari ulionyooka kama uzi. Si kazi ya mtu yeyote ninayemjua. Nyayo mvua imezifuta.

Nataka jina la huyo mwanamume, nyumba yake na kijiji chake, niwape wazee. Usipolitaja watu watafikiri la kufikiri.

Dhansai


Tendupara,
1 Julai 1988

Shemeji Mkubwa,

Aliyelima amelima. Nilimpa uji na samaki wakavu na chatini ya majimoto, wale chungu wekundu, akala, akanywa, akaenda zake. Jina sikumuuliza, ningemuuliza wewe ungempelekea maumivu ya mgongo.

Mpunga nimeshaumwaga jana. Ukipita njia ya juu usikanyage.

Mama anakuletea kalibu nane zilizobaki, awamu mbili, kwa sababu ya goti. Kwa hiyo zote kumi na mbili zimetimia kama mume wangu alivyoahidi. Ile ya mwisho ni kubwa, nimeifunga matabaka matatu, na unisikilize vizuri: ichome peke yake. Usiiweke na nyingine, usikimbilie kuigeuza, na usiniulize ndani mna nini. Katika orodha yake Lakhmu aliandika "mkulima". Ndiye huyo. Utamwona ukivunja udongo, na nta yake ikishatoka sina nyingine wala siwezi kumrudia.

Ukimharibu huyo sitakusamehe. Nimekuandikia maneno mengi ya hasira, lakini hili nakuambia bila hasira.

Phagni


Tendupara,
16 Julai 1988

Kwa mwanamke anayejiona mjanja,

Hatujaona tone la mvua kwa siku kumi na moja. Mpunga wa watu umeota kidole kimoja na unaanza kuwa manjano. Wanawake wamekwenda kumwaga maji kwenye jiwe la mungu wa mpakani. Hakuna kitu. Kwenye kila baraza watu wanaulizana nani amefanya nini.

Mimi najua nani amefanya nini. Nimejua juzi, nilipovunja kalibu ya kumi na mbili.

Nilifuata ulivyotaka. Nilimchoma peke yake, nikangoja mwali, nikageuza kwa mikono miwili, nikamwacha apoe siku nzima. Nilipovunja udongo, ametoka mzima bila tundu. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na sijavunja udongo nikakuta kitu kama hicho. Ng'ombe wawili, plau, na mtu nyuma yake. Nakuambia hili ili ujue kwamba ninachosema sasa sikisemi kwa wivu.

Yule mtu umemvisha kilemba, lakini halimi kama mwanamume. Mwanamume anashika plau kwa mkono wa kulia ulionyooka, anakandamiza kwa bega, kifua mbele. Huyu wako ameshika kwa mkono wa kushoto. Mshikio ameuegemeza nyongani, goti limekunjwa, mwili mzima umelala upande mmoja kusukuma kwa uzito kwa sababu mkono hauna nguvu. Hivyo ndivyo angelima mtu asiye na bega la kiume. Na hakuna anayeweza kulisokota hilo kwa nta kwa kukisia. Mkao ule ameujua mtu ambaye mwili wake umeshika plau. Mifereji ya shambani kwako imepinda upande uleule aliolalia yule mtu wa shaba.

Jumapili ile ulilima wewe.

Nimewaita wazee. Baraza ni tarehe 19, saa za alasiri, uwanjani kwa mzee wa kijiji. Nitakuja na sanamu yako, niiweke katikati, niwaambie wakulima waitazame. Umejifungia kesi kwa mikono yako ukaniletea niichome.

Dhansai


Tendupara,
17 Julai 1988

Shemeji Mkubwa,

Ilete.

Ilete mchana, mbele ya wakulima wote, waliozoea plau na waliozeeka nayo. Mimi nitakaa nyuma ya mlango nimejifunika, kama inavyotakiwa. Sitasema neno. Ila Mama naye awepo, umletee kigoda, goti lake limevimba kwa kubeba udongo wako na wangu.

Naogopa, sitakudanganya. Tangu jana sijagusa nta. Wakinitoa hapa sina pa kwenda ambapo nitaitwa kwa jina langu. Kwa baba nitakuwa yule aliyerudi. Nimetazama nyumba hii usiku na mchana nikajiuliza nitabeba nini, nikaona cha kubeba ni kidogo mno na cha kuacha ni kikubwa mno.

Ujumbe wako umeusoma wewe mwenyewe katika shaba. Basi uwasomee na wengine.

Phagni


Tendupara,
20 Julai 1988

Shemeji Mkubwa,

Jana ulikuwapo, huhitaji kusimuliwa. Nakusimulia kwa sababu uliinamisha kichwa mapema na pengine hukuona yote. Mimi niliona kupitia mwanya wa mlango.

Uliweka sanamu juu ya mkeka, ukasimama, ukaeleza vizuri sana. Mkono wa kushoto. Nyonga. Goti. Ulieleza kama mwalimu wa Jagdalpur. Kisha ukasema, "Wazee wangu, ninyi mmelima maisha yenu yote. Semeni, kuna mwanamume anayelima hivi?"

Wakasogea kuitazama. Kisha Sukdhar akainuka, akamchukua yule mtu, akamgeuza kwenye mwanga, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"We Dhansai we! Huyu si Lakhmu huyu? Jamani hebu mtazameni! Tangu lile tawi la mti wa sal limwangukie begani, si ndivyo alivyokuwa akilima? Si tulikuwa tunamtania hapa, tunamwambia Lakhmu anacheza na plau kama bi arusi?"

Yule kiwete wa mwisho wa njia akadakia, "Na mimi alikuwa ananijibu, sema wewe mwenye mguu mmoja!" Wakapeana, mmoja baada ya mwingine, wanaume kumi na saba, na kila mmoja alipomshika alimtaja jina. Mzee wa kijiji akasema, "Mifereji yake ilipinda daima, Mungu amrehemu. Yule aliyelima shamba lake sijui ni nani, lakini plau yenyewe ishazoea kwenda upande."

Ndipo Mama akanyoosha mikono. Hakuna aliyemwambia kitu. Akamweka mapajani, akampangusa majivu yaliyobaki shingoni, akamfunika kwa ncha ya sari yake. Akasema, "Mwanangu." Wazee wakaanza kuinuka mmoja mmoja, kesi imekwisha.

Wewe ukauliza, "Bega lipi?"

Mvua tatu mume wangu alilima na bega lililovunjika. Alikutumia habari Jagdalpur, ukajibu kwa kadi kwamba umesikia anaendelea vizuri. Hukuja kumtazama hata mara moja akiwa shambani. Mmeligawa shamba mkagawana na udugu. Kijiji kizima kilimjua yule mtu wa shaba, na aliyemchoma, aliyemtoa katika udongo kwa mikono yake, ndiye peke yake hakumjua.

Sasa nitakuambia nisilowaambia wao. Ndiyo. Ni mimi niliyelima. Jumapili ya gulio, chini ya mvua, kutoka asubuhi mpaka saa tisa, na Mama alikaa kwenye tuta akiangalia njia. Sina bega kama nyinyi, kwa hiyo nililima kama yeye alivyolima, maana ndiyo namna pekee niliyowahi kuiona kwa karibu. Niliweka mguu alipokuwa akiweka mguu. Nikamaliza, nikakaa chini kwenye tope, nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu afe, kisha nikaja kusokota nta.

Nenda ukawaambie. Ita baraza jingine. Tuone nani atakaa kukusikiliza.

Phagni


Tendupara,
28 Julai 1988

Kwa Phagni,

Naitupa barua hii juu ya ua, nimeifunga kwenye kipande cha kalibu ili isipeperuke. Mama amehamisha mkeka wake kwako na hanibebei tena chochote. Hata maji nikimwomba ananiambia kisima kiko palepale.

Sikuandikii kwa kupatana. Ulivunja desturi, ukalidanganya baraza la wazee kwa kukaa kimya, na ukamfanya Mama mlinzi wa njia. Mvua kurudi wiki hii hakukusafishi. Hayo nimeyasema, nayo yabaki.

Mtu wa Raipur amekuja, amechukua sanamu kumi na moja, hata yule asiye na mkono. Alimwona yule wa kumi na mbili mapajani mwa Mama akaomba kumtazama. Mama alimwambia kwa mdomo wake huo usio na meno, "Huyu hauzwi, huyu ana mama." Mgeni akarudi nyuma.

Nilikuwa naye mkononi siku tano kabla ya baraza. Siku tano! Nilimpiga brashi, nikamkata mabaki ya shaba kwenye kilemba, nikamgeuza kila upande. Nilikuwa nakutafuta wewe humo. Sikumtafuta mwingine. Nikifumba macho namwona Lakhmu ana miaka kumi na minne, ananiibia nta. Baada ya hapo sina kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Tangu baraza nimejaribu kumsokota. Nimeanza mara tano na mara tano nimeirudisha nta chunguni. Mkono najua. Nyonga najua. Lakini anaanguka, hasimami, na najua kosa liko kwenye mguu wa nyuma. Nilimwendea Sukdhar, akasimama uani akanionyesha huku akicheka, lakini ule ni mwili wa Sukdhar. Mama amemfunika yule wa shaba na nikisogea ananigeuzia mgongo.

Ningekuwa na mwingine wa kumuuliza nisingekuuliza wewe. Mguu wa nyuma aliuweka wapi? Uzito ulikuwa kisiginoni au vidoleni? Alikuwa anatazama wapi, ng'ombe au ardhi?

Niandikie hayo tu. Mengine usiniandikie.

Dhansai


Tendupara,
30 Julai 1988

Shemeji Mkubwa,

Kipande chako cha kalibu kimempiga kuku wangu. Yu hai, lakini anatembea kama Sukdhar akikuonyesha.

Nimejaribu kukuandikia mguu. Nimechana karatasi mbili. Nikiandika kisiginoni si kweli, nikiandika vidoleni si kweli, kwa sababu unahama kila ng'ombe wanapovuta, na yeye alikuwa akihama nao. Alitazama ardhi, halafu ng'ombe, halafu ardhi. Kalamu haiwezi, na Mama hatakupa sanamu. Nimemuuliza kwa ajili yako, na sijui kwa nini nilifanya hivyo. Amekataa.

Maji yamejaa mpungani. Ni wakati wa plau ya pili, ya kupita katikati ya mpunga uliokwisha kuota ili kuua magugu, na wewe mtoto wa Tendupara unajua haingoji. Sukdhar amekuja jana mwenyewe kusema mgongo wake umepona na yuko tayari. Nimemshukuru, nimemwambia hapana.

Kesho ni gulio, kijiji kitakuwa kitupu. Sitalima kesho. Nitalima Jumatatu, asubuhi, watu wote wakiwa mashambani mwao, kulia kwangu na kushoto kwangu. Mama atakaa kwenye tuta, na safari hii hataangalia njia. Ukitaka kuja na wazee, njoo nao, watanikuta katikati ya shamba. Ukitaka kuja peke yako na nta yako, simama tuta la mashariki, ndiko alikokuwa akigeuzia ng'ombe, utauona mguu vizuri.

Desturi inanitaka nijifunike uso ukiwa karibu. Jumatatu mkono mmoja utakuwa na fimbo na mwingine utakuwa kwenye plau, kwa hiyo sitajifunika. Hakuna njia nyingine, Shemeji. Ukitaka kumwona ndugu yako, itabidi unitazame mimi.

Phagni